Sura ya Sita: Je, Kiangazi Kimoja Ufaransa Kinatosha?

Swali hili huulizwa na watu wa kila aina. Yupo binti anayesomea utalii Arusha, yupo mhasibu wa shirika la misaada Nairobi ambaye mkuu wake mpya ametoka Dakar, yupo mtembeza wageni wa Zanzibar aliyechoka kuwaachia wenzake kila Mfaransa anayeshuka Forodhani. Wote wamedunduliza fedha au wamepata mfadhili, na mpango wao ni ule ule: kwenda Ufaransa Julai na Agosti, kusoma lugha asubuhi, kutembea na kula vizuri jioni. Wanachotaka kujua ni kimoja. Nikikaa huko kiangazi kizima, nitarudi ninaongea Kifaransa?

Jibu langu huwaudhi wengi. Utarudi unaongea ikiwa ulikwenda ukiongea kidogo. Anayekwenda mtupu hurudi na picha nyingi, pamoja na Kifaransa ambacho angekipata nyumbani kwa fedha ndogo zaidi.

Ili tusizungumze hewani, sura hii itakaa kwenye mji mmoja, Montpellier, kusini mwa Ufaransa, kilomita chache kutoka Bahari ya Mediterania. Ningeweza kuchagua Tours, Lyon au Nice. Kote huko kuna vyuo vya lugha vinavyopokea wageni wakati wa kiangazi. Lakini Montpellier ni mji wa wanafunzi tangu zamani. Shule yake ya udaktari ilipewa hati mwaka 1220 na bado inafundisha mpaka leo, kwa hiyo mgeni mwenye daftari kwapani hapo si kitu cha kushangaza. Na jikoni kwao kuna pweza. Nitarudi kwa huyo pweza, maana ana kazi katika hoja yangu.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anaweza kuruka hesabu zinazofuata. Wewe Kifaransa umekulia nacho. Ila usiikimbie sura yote, kuna mahali nitakuita.

Hesabu ya saa

Vyuo vya lugha hupima ujuzi kwa ngazi sita zilizotangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Zinaitwa A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mwenye A1 hujitambulisha na kununua mkate. Mwenye A2 huweza kueleza alichofanya jana na anachokusudia kufanya kesho. Mwenye B1 hujitetea: mzigo ukipotea uwanja wa ndege, anaweza kwenda dirishani kueleza begi lilivyokuwa, akaulizwa maswali na akajibu. B2 ni ngazi ya kusomea chuo au kufanyia kazi ya ofisini. C1 na C2 ni za wabobezi, tuziache.

Kwa kawaida huhesabiwa kwamba A1 inahitaji saa 60 hadi 100 za masomo. Kufika A2, jumla ni karibu mara mbili ya hapo. Kufika B1, jumla ni saa 350 hadi 400. Sasa tazama kozi ya kiangazi. Kozi ya kawaida ina saa 20 kwa wiki. Wiki nne ni saa 80, na wiki nane ni saa 160. Maana yake, aliyeanza na sifuri, baada ya miezi miwili ya gharama zote zile, atakuwa ameikaribia A2 tu. Aliyekwenda na A2 mkononi anaweza kuigusa B1, na kati ya A2 na B1 ndipo mtu anapoacha kukariri na kuanza kuzungumza.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo hufundisha lugha wanadiplomasia wake kutwa nzima kila siku ya kazi, hutenga takriban wiki 30 kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili hutenga takriban wiki 36. Ukikutana na Mmarekani anayeongea Kiswahili sawasawa, mpe heshima yake.

Zile saa za mwanzo, za herufi, za vitenzi na za kujitambulisha, hazina haja ya kupandiwa ndege. Alliance Française, mtandao wa vituo vya lugha ulioanzia Paris mwaka 1883, uko Nairobi tangu 1949, na Dar es Salaam, Mombasa na Arusha upo pia. Mwalimu wa huko atakufundisha vitenzi vile vile utakavyofundishwa Montpellier. Kinachouzwa Ufaransa na kisichopatikana kwetu ni zile saa za baada ya darasa, kuanzia saa saba mchana mpaka jua linapozama. Na mwishoni mwa Juni, Montpellier, jua huzama saa tatu na nusu usiku. Ni mchana mrefu ajabu. Mwislamu atasubiri Maghrib hadi achoke. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, ule mwanga wote ni saa za kusikiliza na kusema ambazo hakuzilipia ada. Mwenye A2 huzitumia. Asiye na kitu huzipitisha akitabasamu na kuonyesha vitu kwa kidole.

Kwa ufupi: Wiki nne za kozi hupandisha ngazi moja ya chini, au nusu ya ngazi ya kati. Kamilisha A1 nyumbani, na A2 ukiweza. Ufaransa iwe mahali pa kutumia, si pa kuanzia.

Asubuhi darasani

Siku ya kwanza utafanya mtihani mfupi wa kupangiwa darasa, wa kuandika na wa mazungumzo. Usijipandishe. Wapo wanaokariri majibu usiku kucha ili wawekwe darasa la juu, kisha hukaa wiki mbili wakiwa kimya.

Darasani utakuta Wabrazili, Wakorea, Wajerumani, Wahispania, Wajapani. Mwalimu hatumii lugha nyingine isipokuwa Kifaransa, na hilo ni jema. Hatari iko kwenye mapumziko. Kengele ikilia, Kiingereza huteka baraza lote, na sisi wa Kenya na Tanzania ndio wa kwanza kukidaka kwa kuwa tumekisoma tangu shuleni. Unaweza kumaliza mwezi mzima Ufaransa ukiwa umeongeza Kiingereza chako. Dawa ni kumtafuta mwenzako wa darasa asiyejua Kiingereza, na kila kozi ina wawili watatu. Kaa naye, kula naye, panda naye tramu. Kifaransa chenu kitakuwa kibovu, lakini hamtakuwa na njia nyingine, na mtu asiye na njia nyingine hujifunza upesi.

Mswahili anaingia darasani na mizigo yake na faida zake. Mzigo mkubwa ni irabu. Sisi tuna tano, wao wana zaidi ya mara mbili ya hizo. Ile "u" yao, kama katika neno "rue", yaani barabara, hutamkwa kwa ulimi wa "i" na midomo ya "u", na mtu asiyeambiwa siri hiyo huhangaika nayo bure. Kuhusu nomino zao kuwa za kiume na za kike, sina huruma na mtu. Anayepanga "kiti kimevunjika, mti umevunjika, jiwe limevunjika" bila kufikiri hana haki ya kulalamikia makundi mawili.

Faida ya kwanza ni salamu. Ufaransa huingii dukani ukauliza bei. Unasema kwanza "bonjour", yaani salamu za mchana, ndipo useme shida yako. Mgeni asiyesalimu hujibiwa kwa ubaridi, kisha huenda kusimulia kwao kwamba Wafaransa wana kiburi. Mtu aliyelelewa kwa hodi na shikamoo hahitaji somo hilo. Hata ile tofauti ya "tu" na "vous", ambapo neno la pili hutumika kwa mkubwa au kwa mtu usiyemzoea, haitampa taabu. Asipokuwa na hakika, aanze na "vous".

Saa ndiyo itakayomchanganya. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, tena ratiba zote ni za saa 24. Treni ya "dix-neuf heures", yaani saa kumi na tisa, kwetu ni ya saa moja jioni. Kichwa lazima kifanye hesabu mara mbili, na wiki ya kwanza kuna treni zitakazokuacha. Bora uiweke simu yako katika mtindo huo mwezi mzima kabla ya safari.

Hapa ndipo ninapomwita msomaji wa Kongo, pamoja na wa Bujumbura na Kigali. Kwenu sabini ni "septante" na tisini ni "nonante", kama Ubelgiji. Ufaransa sabini ni "soixante-dix", sitini-na-kumi, na tisini ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini nne na kumi. Ukitaja zenu sokoni wataelewa, ila watatabasamu. Kwa maoni yangu zenu zina akili zaidi.

Tikiti la leo au la kesho

Jumanne na Jumamosi asubuhi kuna soko katika mtaa wa Les Arceaux, chini ya matao ya mawe ya mfereji ulioleta maji mjini tangu karne ya 18. Matao ni marefu, kivuli ni kizuri, na wauzaji wengi ni wakulima au watu wa karibu na wakulima. Kiangazi meza hujaa pichi, aprikoti, nyanya zenye mikunjo, vitunguu saumu vya kusukwa, na baadaye tini. Hapa ndipo ningempeleka mwanafunzi wangu kabla ya makumbusho yoyote.

Kanuni ya kwanza ya soko hili ni kutogusa. Kwetu mtu hubonyeza embe, hulinusa, hulirudisha. Kule matunda huchaguliwa na muuzaji, nawe humweleza unachotaka. Kwa mgeni inaonekana ni kunyimwa uhuru, lakini kwa mwanafunzi ni zawadi, kwa sababu huwezi kununua bila kusema.

Tuchukue tikiti, yale madogo ya mviringo yenye nyama ya rangi ya chungwa. Ukiomba moja, muuzaji atakuuliza, "C'est pour aujourd'hui ou pour demain?" Ni la leo au la kesho? Aliyewahi kununua parachichi Kariakoo analijua swali hili vizuri, muuzaji huuliza hivyo hivyo ili ajue akupe lililoiva au lililo karibu kuiva. Kwa kuwa unajua swali linatoka wapi, utalielewa hata kama maneno mawili yamekupita. Utajibu, "Pour ce soir", la leo jioni. Atalinyanyua, atalipima kwa mkono, atabonyeza kitako chake, na pengine atakueleza kwa nini amechagua hilo. Dakika mbili hizo zina swali, jibu, sababu na bei. Darasani zingechukua ukurasa mzima wa zoezi.

Rudi Jumamosi ijayo kwenye meza ile ile. Usizunguke soko zima kutafuta nafuu ya senti ishirini. Muuzaji anayekukumbuka atakuuliza tikiti lilikuwaje, na hapo umeshaingia kwenye wakati uliopita, ambao wanafunzi wengi huuogopa. Wiki ya tatu atakuuliza unatoka wapi. Ya nne atakuambia habari za binamu yake aliyefika Mombasa.

Mezani kwa mwenyeji

Kuhusu malazi, nina msimamo. Chumba cha peke yako katika bweni ni raha, na ni kupoteza nusu ya safari. Tafuta familia inayopokea wanafunzi, na omba mpango uitwao "demi-pension", maana yake kulala pamoja na kifungua kinywa na chakula cha usiku. Vyuo vingi vina orodha ya familia hizo. Si zote ni changamfu, zipo zinazofanya biashara tu na kukuachia sahani kwenye mikrowevu. Uliza mapema kama mwenyeji hula pamoja na mwanafunzi.

Chakula cha usiku huanza kama saa moja na nusu au saa mbili, na hakina haraka. Kwanza kitu kidogo cha mwanzo, kisha chakula chenyewe, kisha jibini, ndipo kitu kitamu. Mkate haukosekani, na huwekwa juu ya kitambaa cha meza, si lazima kwenye sahani. Atakayeshiba kwenye hatua ya kwanza, kama tulivyozoea kujaza sahani mara moja, ataaibika mbele ya jibini.

Mezani ndipo utakapogundua kwamba watu hawaongei kama kitabu. Darasani umefundishwa "je ne sais pas", sijui. Mwenyeji wako husema kitu kinachosikika kama "shepa". Umefundishwa "nous" kwa maana ya sisi. Mezani ni "on" kila wakati. Kipande cha kukanusha, "ne", humezwa kabisa. Usidhani umedanganywa darasani. Ni lugha moja iliyovaa nguo mbili, na ya kuandikia barua ya kazi ni ile ya kitabuni. Ila usipoisikia hii ya pili kila jioni, utarudi na cheti na bado filamu itakupita.

Lafudhi ya kusini itakusaidia. Huko watu wengi, hasa wazee, hutamka ile "e" ya mwisho wa neno ambayo Paris huimeza, kwa hiyo maneno mengi huishia na irabu, kama tulivyozoea sisi. Na "pain", mkate, husikika ikiwa na "ng" mwishoni. Walimu wengine hukutahadharisha usiige. Mimi nasema iga kwanza, utajirekebisha ukihamia Paris.

Maneno machache ya chakula uyajue kabla hujatua:

- "Menu" si orodha ya vyakula. Ni mlo wa hatua mbili tatu kwa bei moja. Orodha huitwa "carte".
- "Porc", "jambon", "lardons" na "saucisson" zote kwa kawaida ni nguruwe. "Lardons" ni vipande vidogo vinavyojificha hata kwenye saladi, hivyo asiyekula aulize. Sentensi yake ni "Je ne mange pas de porc".
- "Bien cuit" ni nyama iliyoiva. Usiposema hivyo, italetwa ikiwa nyekundu ndani.
- "Une carafe d'eau" ni jagi la maji ya bomba. Mkahawani ni bure pamoja na chakula, kwa mujibu wa sheria.
- "Menthe à l'eau" ni sharubati ya mnanaa na maji baridi. Kabla ya chakula watu hukaa na glasi za divai na zeituni. Asiyekunywa pombe huagiza hii, na hakuna anayemuuliza sababu.

Nyama ya halali haina shida Montpellier. Mitaa ya Plan Cabanes na Figuerolles ina maduka mengi ya watu wenye asili ya Afrika Kaskazini, na mwenye bucha atakusahihisha Kifaransa chako kwa upole kuliko mwalimu.

Jambo moja la kukumbuka ni saa. Mikahawa mingi hupika kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, kisha jiko hufungwa mpaka jioni. Ukitoka matembezini saa tisa na njaa yako, utapata kahawa tu.

Pweza wa Sète

Treni kutoka Montpellier hufika Sète kwa takriban dakika 20. Sète ni bandari iliyoanzishwa mwaka 1666, zama za mfalme Louis wa Kumi na Nne, ili Mfereji wa Midi, uliochimbwa kuvuka kusini mwa Ufaransa, upate mlango wa kutokea baharini. Mifereji hukatiza katikati ya mji, mashua za uvuvi zimefungwa kando ya mikahawa, na harufu ni ile ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ukiondoa moshi.

Chakula chake maarufu huitwa "tielle". Ni kitafunwa cha duara chenye unga wa mkate juu na chini, kingo zimesokotwa, na ndani kuna pweza aliyekatwakatwa na kupikwa kwa nyanya na pilipili. Kililetwa na wavuvi wa Kiitalia waliohamia hapo kutoka Gaeta, na mafuta ya nyanya hupenya unga ukawa mwekundu. Ukifika kwenye kibanda, muuzaji atakuuliza akupashie moto au utaichukua hivyo hivyo. Pashiwa.

Hapa ndipo pweza anapofanya kazi yake. Mtu wa pwani anajua mambo ya pweza: anavyotafutwa miambani maji yakitoka, anavyopigwa ili alainike, anavyochemshwa kwa supu ya jioni. Mbele ya kibanda cha Sète ana la kusema, na hata kama maneno yake ni ya A2, muuzaji atamsikiliza, kwa sababu anataka kujua. Nimewaona wanafunzi waliokuwa mabubu darasani, walipoulizwa maoni yao kuhusu mitandao ya kijamii, wakiongea robo saa nzima juu ya samaki. Ulimi hufuata jambo ambalo kichwa kinalijua tayari. Mambo mawili, basi, yanahitajika safarini: Kifaransa kidogo, na kitu cha kusema.

Kwa hiyo usipange matembezi kwa kufuata kitabu cha watalii. Panga kwa kufuata kazi yako na makuzi yako. Mkulima wa Mbarali au Mwea aende Camargue, kwenye delta ya mto Rhône, ambako kuna mashamba ya mpunga, na mchele mwekundu huuzwa kwa fahari. Mtu wa hifadhi na ndege aende kwenye maziwa ya chumvi yaliyo kati ya mji na bahari akawaone heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Wa huko ni aina kubwa. Ile ndogo ina mazalia yake makuu kwetu, Ziwa Natron, na ukimwambia hivyo mwongozaji wa Kifaransa, mazungumzo hayatakwisha upesi. Mpishi afike Pézenas, mji mdogo magharibi ya Montpellier, akale vitafunwa vya nyama ya kondoo iliyotiwa sukari na ganda la limau. Wenyeji husimulia kwamba mapishi hayo yaliachwa na wapishi wa Robert Clive, yule wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliyekaa hapo mwaka 1768. Anayejua jikoni za Kihindi za Mombasa atatafuna na kutikisa kichwa bila mshangao.

Na mwenye moyo aende Bouzigues, kando ya ziwa la Thau, kwenye chaza. Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi, hivyo chaza hufugwa wakining'inia kwenye kamba ndani ya maji mwaka mzima. Huliwa wabichi kwa limau. Mimi hawakunishawishi.

Matembezi yanayofundisha

Ufuko wa Palavas ni mzuri na haufundishi chochote. Nenda Jumapili ukapumzike, usijidai unasoma. Makumbusho nayo husomwa kimya kimya. Wanaotafuta lugha wafuate watu waliokusanyika kufanya jambo.

Juni 21 ni Sikukuu ya Muziki, iliyoanzishwa mwaka 1982. Kila kona ina wapiga vyombo, na hakuna kiingilio. Usiku wa Julai 13 au 14, wakati wa sikukuu ya taifa, vikosi vya zimamoto katika miji mingi hufungua milango ya vituo vyao na kuandaa dansi. Mwishoni mwa Agosti, katika sikukuu ya Mtakatifu Louis, Sète huwa na mashindano ya mashua kwenye mfereji mkuu. Mashua mbili nzito, moja nyekundu na moja ya buluu, hupigiwa makasia zikielekeana. Nyuma ya kila moja kuna jukwaa la juu, na juu yake amesimama mtu aliyevaa nyeupe, mwenye mkuki mrefu na ngao. Zikipishana, mmoja huangushwa majini. Mtangazaji hapumziki, na jirani yako kwenye kingo ataona umuhimu wa kukueleza nani alishinda mwaka jana.

Lakini darasa bora kuliko yote ni pétanque, mchezo wa kurusha tufe za chuma zikaribie kijitufe cha mbao. Huchezwa chini ya miti, katika karibu kila mji wa kusini, hasa na wastaafu. Ni baraza la bao lililohamia vumbini: wanaocheza ni wachache, wanaoshauri ni wengi. Kuna aina mbili za kurusha. "Pointer" ni kuisogeza tufe taratibu karibu na lengo, na "tirer" ni kuipiga ya mwenzio iondoke. Kabla ya kila tufe kuna mjadala wa lipi lifanywe, na baada yake kuna mabishano ya ipi iko karibu zaidi, mpaka utepe wa kupimia utolewe mfukoni. Sentensi ni fupi na hurudiwa. Ukisimama pembeni siku tatu, siku ya nne utaitwa.

Pont du Gard, daraja la maji la Warumi lenye ghorofa tatu za matao na urefu wa karibu mita 49 kwenda juu, usilikose. Nenda na wenzako wa darasa, mchukue mkate na jibini, mwogelee mtoni chini yake. Kifaransa mtakachopata ni kile mtakachobeba.

Joto

Usibebe koti zito. Juni 28 mwaka 2019, kijiji cha Vérargues, si mbali na Montpellier, kilifikisha nyuzi 46, kiwango kikubwa kuwahi kupimwa Ufaransa. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Wenyeji hufunga madirisha ya mbao asubuhi na kuyafungua usiku, nawe fuata wafanyavyo.

Kabla ya kulipa ada

Chagua Julai badala ya Agosti kama huwezi kukaa yote miwili, kwa kuwa Agosti Wafaransa wenyewe huenda likizo, na maduka mengi ya mitaani hufungwa. Kiulize chuo idadi ya wanafunzi kwa darasa. Zaidi ya 15, tafuta kingine. Usafiri wa tramu na basi Montpellier ni bure kwa wakazi tangu Desemba 2023, lakini mgeni wa kozi fupi hulipa, kwa hiyo uweke kwenye bajeti.

Kisha viza. Viza ya Schengen ya muda mfupi hukuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na inatosha kwa kozi ya kiangazi. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayatakiwi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla yake. Nafasi za miadi huadimika kadiri kiangazi kinavyokaribia. Anayetaka kuwa Montpellier Julai mosi aanze kushughulikia karatasi Januari, na awe ameshajiandikisha darasa la A1 mjini kwake tangu Septemba iliyotangulia.